Hali Yake Si Nzuri Sana

Jumatano, mwisho wa Septemba, Maskati. Joto limekataa kuondoka, na unyevu ndio usiseme. Ukitoka tu mlangoni miwani inaingia ukungu, unasimama kwenye ngazi unaifuta kwa ncha ya shela, na hujamaliza kuifuta imeshaingia tena. Leo nimechoka kuifuta. Nimeingia garini hivyo hivyo.

Sina raha. Nasema mapema, ili aliyekuja humu bloguni kutafuta vichekesho aende zake salama.

Wanaonisoma siku zote wanaijua kazi yangu. Wasioijua nitawaeleza, ingawa Mama mpaka leo hajaielewa na anaiombea dua kila asubuhi kama maradhi. Mimi nakaa Al Khuwair, ofisi yangu ipo Al Khuwair, na kutwa nzima nnapiga hesabu za matope ya Ufini. Ndiyo, Ufini, huko kwenye theluji. Wenzangu ofisini wanatengeneza modeli za mafuriko ya mawadi yetu, yale mabonde makavu yanayojaa maji mvua ikinyesha, kazi ambayo mtu akiitaja kwenye harusi watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Mimi wananiita Bibi Matope. Nilisoma huko, nikarudi baba alipofariki, na kazi nikarudi nayo ndani ya kompyuta.

Matope yenyewe si matope tu. Ni vinamasi vya mboji. Majani yanakufa, yanazama, na kwa kuwa maji yameyafunika hayaozi. Yanalundikana tabaka juu ya tabaka tangu babu wa babu zetu hajazaliwa. Juu yake unaota mmea laini unaoitwa kuvumwani, hauna mizizi, unakunywa kwa kuyafyonza maji ya chini, kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Maji yakiwa karibu, unaishi. Yakishuka sana, haufiki. Na mboji ikishakauka kweli kweli inasusa: unaimwagia maji yanateleza juu yake, yanakwenda zake, na yale majani ya zamani yanaanza kuoza na kutoa hewa ile ile inayoizidishia dunia joto. Basi mimi kazi yangu ni kuiuliza kompyuta swali moja kwa namna nyingi. Viangazi vikizidi kuwa virefu na vikavu, maji yatashuka mpaka wapi, na kuvumwani itastahimili au haitastahimili?

Mwenzangu wa huko ni Aino. Tulikuwa tukisoma chumba kimoja, yeye akinifundisha kuvaa, maana mimi nilikuwa navaa koti juu ya koti na bado natetemeka. Kijiji chao kiko baina ya vinamasi viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Zamani wazee wao walichimba mitaro kuvikausha wapande miti ya mbao. Sasa wanakijiji wanataka kuiziba ile mitaro ili maji yarudi. Lakini watu walionao na katapila waliloazima vinatosha kinamasi kimoja tu, kabla ardhi haijaganda. Wakaniuliza mimi na modeli yangu: tuokoe kipi?

Kikubwa ndicho anachokipenda babake Aino. Huko ndiko anakochuma matunda fulani madogo ya rangi ya chungwa, kila kiangazi, tangu utotoni. Mwaka jana alinitumia chupa ya jemu yake. Mama anaipaka kwenye mkate wa maji na kusema ina uchachu kidogo lakini ina baraka, na chupa imekaribia kwisha.

Modeli ilinijibu zamani. Kikubwa hakiponi.

Nimeigeuza kila upande. Nimekipa mvua kuliko haki yake. Nimeiziba mitaro yote ndani ya kompyuta mpaka wa mwisho. Modeli inaweza kukosea, mimi ndiye wa kwanza kulisema hilo, lakini hata nilipoikosesha kwa makusudi ili inipendelee, jibu lilirudi lile lile. Mboji ya kikubwa imeshadidimia na kushikana, na kila kiangazi kinachokuja maji yanakimbilia chini ya pale inapofika kuvumwani. Kile kidogo, kikizibwa sasa hivi, kinaishi. Kikiachwa mpaka mwakani au mwaka wa pili, nacho kitafuata mwenziwe.

Hili nilikuwa nalijua. Wiki iliyopita nikamwandikia Aino kabla sijamaliza ripoti, nikitaka kumtayarisha kidogo kidogo, maana ni kwao na nnampenda. Nilimwandikia hivi, kwa Kiingereza chetu: kinamasi kikubwa hali yake si nzuri sana, tuwe na subira, huenda kukawa na kheri ndani yake, ripoti kamili inakuja.

Nikafunga kompyuta nikalala usingizi wangu mzuri, nikiona nshamwambia.

Leo asubuhi tukawa na mkutano wa video. Nimekaa na kahawa yangu, Aino anatokea kwenye skrini, anacheka mpaka fizi. Anasema kijiji hawakusubiri ripoti, wameshakutana na wameshakubaliana. Wamechagua kikubwa. Kwa sababu Zuwena amesema hali yake si nzuri, kwa hiyo ndicho kinachohitaji msaada zaidi. Na Zuwena amesema tuwe na subira, kheri ipo. Katapila linaingia Jumatatu.

Akaigeuza kamera dirishani. Nje alikuwa babake, mzee mrefu amevaa kofia ya sufi, na nyuma yake lundo la magogo ya kuzibia mitaro, yamekatwa vizuri na kupangwa. Amewakusanya majirani, wamekata wenyewe kwa mikono yao. Akaniona kwenye simu ya bintiye, akanipungia shoka.

Nami nikafanya nini? Nikampungia mkono. Nikasema mashallah.

Wallahi nilisema mashallah. Mkutano ukaisha, nikabaki nimeitazama skrini iliyozimika, na kitu cha kwanza nilichokihisi, nakiri, kilikuwa hasira. Nilimkasirikia Aino. Mbona nilimwambia! Mtu akikwambia hali ya mgonjwa si nzuri, tuwe na subira, wewe unaelewa nini? Unakwenda kukata magogo, au unakwenda kutafuta sanda? Nikatembea ofisini huku na huku nikisema peke yangu, mpaka kijana wa mawadi akaniuliza kama modeli imekwama tena.

Adhuhuri Mama akanipigia simu.

"Zuwena mwanangu, uko kazini? Haya. Ukimaliza pitia kwa Ami yako Seif. Hali yake si nzuri sana. Na usiendeshe mbio."

Nikasema inna lillahi. Nikafunga kompyuta, nikachukua ufunguo na mkoba, nikawaambia ofisini nimefiwa. Ami yangu, mdogo wake baba, ameshakufa. Mama hakulitaja neno hilo, na wala hakuhitaji kulitaja. Kwetu sisi mtu haambiwi fulani amefariki. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri. Halafu anaambiwa hali imebadilika kidogo. Halafu anaambiwa njoo. Na Mama hanipigii saa za kazi, na hajawahi maisha yake kuniambia nisiendeshe mbio mpaka kuna jambo.

Nilikuwa nasubiri lifti. Mkono kwenye kitufe, machozi yashaanza. Hapo ndipo nilipoyasikia tena maneno ya Mama, na safari hii nikayasikia kwa masikio ya Aino. Hali yake si nzuri sana. Ni maneno yale yale, neno kwa neno. Mimi nimeyasikia nikajua mtu amekufa. Lakini angekuwepo mtu wa Ufini pale pembeni yangu, angeuliza hospitali gani, angetaka kununua matunda ampelekee mgonjwa.

Aino hakukosea kitu. Nilimpelekea msiba kwa usemi wa kwetu na nikategemea ausikie.

Nyumba ya Ami Seif iko Madinat Qaboos, ile yenye mlango wa kijani uliopauka. Nje viatu vimejaa, ndani wanawake wamekaa chini, misahafu mikononi, birika la kahawa linazunguka. Mama alikuwa kwenye ujia wa jikoni na simu sikioni, ameshika ukuta kwa mkono wa pili. Alikuwa anazungumza na Asma, binti pekee wa Ami Seif, anayefanya kazi Doha.

"Hajambo mwanangu, hajambo. Kashikwa kidogo na kifua, ndo tumemlaza. Anakuulizia. Wewe tafuta ndege ya asubuhi uje umtizame. Ee mwanangu, umekula lakini?"

Alizungumza kwa sauti tulivu, yenye kituo, wakati kwenye chumba cha pili marehemu keshaoshwa. Nilimsubiri akate simu, na hasira ya asubuhi yote ikamwangukia yeye.

"Mama, kwa nini humwambii kweli?"

"Taratibu, watu wanasoma."

"Anakuulizia? Maiti anamuulizia nani?"

Nilikuwa na haki ya kukasirika, au nilidhani ninayo. Baba alipofariki mimi nilikuwa huko kwenye theluji, na nikapigiwa simu ya namna hii hii, na Mama huyu huyu. Babako kalazwa, njoo. Bado nilikuwa mtoto wa vitabu, nikaamini. Uwanja wa ndege wa huko nikamnunulia soksi nene za sufi, kwa sababu alikuwa akilalamika miguu baridi kwenye viyoyozi vya hospitali. Njia nzima nimezipakata. Kufika Maskati, mlango wa abiria ukafunguka, nikawaona wanaume watatu wa ukoo wetu wamesimama pamoja. Hakuna mtu mmoja anayepokewa na wanaume watatu kwa jambo la heri. Soksi zimo kabatini mpaka leo, na karatasi yake.

Mama akanitazama. Ana macho madogo, akikutazama unajiona umefunga kanga vibaya.

"Nimwambie sasa hivi, yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga? Akianguka, nani atamwinua? Nnamleta kwetu kwanza. Akifika ataambiwa, na sisi tutakuwepo. Na mimi sikumdanganya, nimesema kalazwa. Kwani hakulala?"

Sikujua nicheke au nilie. Akaendelea, kwa sauti ya chini.

"Nawe uliambiwa. Hukutoka pale uwanjani bila ya kuambiwa. Ami yako Seif ndo aliyekwambia. Ushasahau?"

Nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii nimeikumbuka ile simu, na soksi, na wale watatu, nikaichukia kwa jina moja tu: uongo. Nilisahau kilichofuata. Kati ya wale watatu mmoja alinijia mbele, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka nikaumia, akaniambia machoni: "Zuwena, baba amefariki jana alasiri." Hakuzungusha. Sikuanguka, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshanishika tangu kabla hajafungua mdomo.

Ndiye huyo aliyelala chumba cha pili.

Nilisimama pale ujiani nikaelewa nilichomfanyia Aino. Maneno laini si kosa. Watu wetu wanayaanza ili mtu apate kufika penye watu, na lazima awepo wa kuyamalizia. Mimi nilianza nikaishia njiani. Nilimtumia nusu ya kwanza, ile rahisi, ile inayonifanya mimi nijione mpole, na ile nusu nzito nikaiachia ripoti. Nikamwacha mzee wa watu akate magogo.

Nikatoka nje, nikaingia garini, nikawasha kiyoyozi, nikampigia.

"Aino, uko peke yako?"

Akashangaa. Akasema hapana, yuko jikoni, baba yake anakunywa kahawa. Kwa nini?

"Kaa karibu naye. Nina neno la kuwaambia nyote wawili."

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikakamata usukani, kwa kuwa mikono yao ilikuwa mbali nisiweze kuishika. Nikasema kinamasi kikubwa kinakufa. Nikasema hata mkiziba kila mtaro, kitakufa. Nikasema kidogo kinaweza kupona, lakini ni mwaka huu, na nguvu mkizimaliza kwenye kikubwa mtavipoteza vyote viwili. Sikusema huenda. Sikusema tuombe Mungu, ingawa moyoni niliomba.

Aino akaniuliza kitu kimoja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla sijakuandikia ule ujumbe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," nikaanza.

"Hukuniambia, Zuwena."

"Kweli. Sikukwambia."

Nikamsikia anamweleza babake kwa lugha yao, ile lugha yenye herufi zinazovutwa, ambayo sikuwahi kuiweza. Alikuwa anaeleza na sauti inakatika. Mwisho mzee akauliza jambo fupi, na Aino akawa anasita kunitafsiria.

"Anauliza, yeye atakiona kikikauka?"

Neno inshallah lilinijia hapa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuja lenyewe, kwa mazoea, limevaa vizuri. Nililimeza.

Nikamwambia: "Mwambie matunda atayaona yakiisha. Hayo ndiyo yatakayotangulia. Kinamasi chenyewe hatakiona kikifa. Wewe ndiye utakayekiona."

Akamwambia. Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. Aino akasema itabidi wawaite watu tena kabla ya Jumatatu, na kwamba hajui kama wataafiki, wengine walikuwa wanalia kwa furaha juzi. Akasema ananishukuru kwa kupiga, lakini alilisema kama mtu anayemshukuru daktari, na hakuniambia kwaheri kwa lile jina la utani alilonipa tulipokuwa wanafunzi. Labda litarudi, labda halitarudi. Hilo silipigii hesabu.

Nikakaa garini nikalia. Nikamlilia Ami Seif, nikamlilia na yule mzee wa kofia ya sufi, nikashindwa kuwatenganisha. Najua huku kwetu hakuna atakayenielewa nikisema nnalia kwa ajili ya matope. Mimi mwenyewe nimekulia pahala ambapo wadi ikileta maji siku moja tunakwenda na watoto kuyatazama. Lakini kuna kitu kinaniumiza katika ardhi ambayo maisha yake yote haijajua kiu, na sasa inafundishwa uzeeni.

Niliporudi ndani Mama alikuwa ananingoja na kikombe cha kahawa. Akanitazama macho. Akaniambia maziko ni kesho baada ya adhuhuri, Asma atakuwa ameshafika. Halafu akasema kama anayenituma dukani:

"Wewe ndo utakayekwenda kumpokea."

"Na nani?"

"Peke yako. Akiona watu wengi atajua, ataanguka mlangoni."

"Na nani atamwambia?"

Mama akanywa kahawa yake yote kwanza. "Mwenyewe aliyekuwa akiiweza kazi hiyo ndo huyo tunayemzika," akasema. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mchana, na mimi nikamshika.

Nimerudi kwangu sasa. Haya nayaandika na nitayaweka humu kesho jioni, maziko yakishapita, asije mtu akamtumia Asma akayasoma njiani. Ripoti pia nimeimalizia. Sentensi yake ya kwanza nimeifuta mara nyingi, maana kila nilipoigeuza ilikuwa inatafuta pa kujificha. Sasa inasema kinamasi kikubwa hakitapona, na inaishia hapo kwa nukta.

Naogopa asubuhi. Asma atatoka pale mlangoni na begi lake, na nnamjua, atakuwa amemnunulia babake kitu. Ataniuliza, vipi, anaendeleaje? Na mdomo wangu utataka kusema hali yake si nzuri sana.

Nitamshika mkono kwanza, hapa kwenye kifundo, kwa nguvu mpaka aumie. Halafu nitamwambia.